Waini ya nanasi, vijinzi na siki: nani anamwita nani?

Menya mananasi sita saa nne asubuhi, yakate, yatie kwenye ndoo na sukari. Saa sita wageni wameshafika. Hukuwaona wakiingia, unashtukia tu wako juu ya maganda, wako ukingoni mwa ndoo, na mmoja anaelea kwenye chai yako kabla hujamaliza kuosha kisu. Hapa Mwanza wengine huwaita vidudu vya ndizi, wengine vijinzi, wengine usubi, na kila jirani ana dawa yake ya kuwamaliza.

Mimi hutengeneza waini nyumbani Nyegezi, ndoo moja ya lita 20 kwa mkupuo, ya kunywa na watu wangu. (Kuuza ni habari nyingine, huko kuna leseni na TBS, shirika la viwango.) Nikitaja tu shughuli hiyo, swali linalokuja mara nyingi kuliko la sukari au la hamira ni hili: "Vijinzi vimeingia kwenye ndoo. Nimwage?"

Jibu linategemea ndoo ina wiki ngapi, na wengi hushangaa wakisikia kwamba wiki wanayoiogopa sana ndiyo yenye hatari ndogo. Siku ya tatu ndoo inachemka, vijinzi vimejaa, mtu hapati usingizi. Wiki ya nne ndoo imetulia, vijinzi vimepungua, mtu anarudishia kifuniko nusunusu na kwenda harusini Shinyanga. Akirudi anakuta siki. Ili tuelewe kwa nini inakuwa hivyo, tuanze mbali kidogo, kwa mdudu mwenyewe.

Lawama imwangukie anayehusika

Kando ya ziwa tuna wadudu wadogo wa kila aina, na mara nyingi anapigwa asiyehusika. Wale wanaopanda juu ya maji kama moshi, ambao mgeni akiwaona kutoka Capri Point anadhani kuna mtumbwi unaungua, ni usubi wa ziwani. Utoto wao wote ni majini. Wakishaota mabawa wanaishi siku chache, hawaumi mtu, na tunda lako hawana habari nalo. Hutoka kwa wingi siku chache baada ya mwezi kuandama, na wanachofuata ni taa. Ukifungua ndoo usiku chini ya balbu wakati wametoka, watakumwagikia humo, lakini hiyo ni ajali kama vumbi. Zima taa, funika, subiri kesho.

Kuna pia nzi wa maembe, ambaye mabwana shamba humwita nzi wa matunda, na jina hilo ndilo linaloleta mkanganyiko. Huyu ana urefu wa milimita 7 au 8, karibu sawa na nzi wa kawaida, wa kahawia mwenye alama za njano. Aina inayowatesa wakulima zaidi ilitoka Asia. Ilionekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2003, nchini Kenya, na haikuchukua muda kuvuka mpaka. Hutoboa embe likiwa bado mtini na kutaga chini ya ganda. Ukikata embe ukakuta funza, ni wake. Mtengeneza waini anamhusu kwa jambo moja tu: chambua maembe kabla ya kuyaponda. Ndoo yako yeye haitaki. Nilishawahi kupewa mtego wa shambani wenye harufu ya kuvuta madume ya nzi hao, nikautundika jikoni kwa matumaini makubwa. Ulikaa mtupu wiki mbili, vijinzi vinapita pembeni yake kuelekea kwenye ndizi.

Tunayemtafuta ni mdogo zaidi: milimita 2 mpaka 3, mwili wa rangi ya asali, tumbo lenye mistari, macho mekundu. Jina lake la kisayansi ni Drosophila melanogaster, alilopewa mwaka 1830 na Mjerumani Johann Wilhelm Meigen, na maana yake ni mpenda umande mwenye tumbo jeusi. Thomas Hunt Morgan aliwafuga kwenye chupa za maziwa huko New York akiwalisha ndizi. Mwaka 1910 akapata mmoja mwenye macho meupe, na kuanzia hapo akaonyesha kwamba urithi unabebwa kwenye kromosomu. Akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1933. Mdudu mwenyewe hakuambulia kitu zaidi ya ndizi.

Na ni wa kwetu. Asili yake ni kusini na kati mwa Afrika, ambako watafiti wamemkuta porini kwenye matunda ya mng'ongo, na kutoka huku ndiko alikomfuata binadamu mpaka kila jikoni duniani. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950. Kijinzi ni mwenyeji. Kwa hiyo mimi sina mpango wa kumfukuza Mwanza.

Hesabu ya uzazi wake ni muhimu kwa yote yanayofuata. Kwenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi, yai huanguliwa ndani ya siku moja hivi. Funza hula siku nne au tano, kisha hujifunga ndani ya punje ngumu ya kahawia kwa siku nne nyingine, na siku ya kumi kijinzi kipya kinaruka. Jike mmoja aliyeshiba hutaga mamia ya mayai maishani mwake. Joto la Mwanza linazunguka hapo hapo karibu mwaka mzima. Maelekezo mengi ya kutengeneza waini yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako msimu ukiisha baridi kali hufagia wadudu wote wa nje na mtu akapumua mpaka mwaka unaofuata. Hapa kwetu hakuna mwezi wa kupumua.

Hamira ndiyo inayopiga mbiu

Watu husema nanasi "limezaa" vijinzi. Fikra hiyo ni ya zamani sana, na aliyeivunja ni Mwitalia Francesco Redi mwaka 1668. Nyama aliyoiacha wazi iliota funza. Aliyoifunika kwa kitambaa haikuota, ingawa nzi walijazana juu ya kitambaa wakitafuta njia. Miaka zaidi ya 350 imepita na silaha yangu kubwa bado ni kitambaa.

Lakini kijinzi alijuaje kwamba leo kwako kuna nanasi? Nanasi bichi halimwiti kwa sauti kubwa. Anayeita ni hamira. Juu ya ganda la tunda kuna hamira za porini, na wewe umeongeza kijiko cha hamira ya mkate, ambayo ni jamii ile ile ya hamira ya waini, Saccharomyces cerevisiae. Ikianza kula sukari hutoa kilevi na gesi, na pamoja navyo harufu za matunda, ile harufu kama ya ndizi iliyopitiliza kuiva. Mwaka 2014 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, waliondoa jeni moja tu ya hamira, inayohusika na kutengeneza harufu hizo, na vijinzi vikapunguza hamu nayo. Maelezo yake yanaingia akilini. Hamira haina mabawa wala miguu. Sukari ikiisha pale ilipo, inahitaji usafiri kwenda kwenye tunda jingine. Kijinzi naye anahitaji hamira, kwa sababu ndiyo chakula kikuu cha funza wake. Hamira inatoa harufu, bodaboda inafika, abiria anapanda.

Ndiyo maana kutupa maganda peke yake hakumalizi kitu. Maganda ni duka dogo. Ndoo inayochemka ni soko zima lenye kipaza sauti.

Wala usitegemee kilevi kiwatishe. Funza wa kijinzi wanakivumilia kuliko wadudu wengi. Kuna nyigu wadogo mno wanaotaga ndani ya miili ya funza hao, na mwaka 2012 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba funza akishavamiwa hukimbilia chakula chenye kilevi zaidi, kisha kilevi hicho kinamuua mtoto wa nyigu aliye tumboni. Anakunywa kama dawa. Mdudu wa namna hiyo waini yako ya asilimia 10 haimsumbui.

Siki ina mwenyewe

Kijinzi hatengenezi siki. Anayeitengeneza ni bakteria, jamii ya Acetobacter, ambaye hula kilevi na kukigeuza asidi ya siki. Louis Pasteur aliueleza mchakato huu nchini Ufaransa miaka ya 1860. Bakteria hao wako kwenye maganda ya matunda, kwenye mwiko wa mbao usiokauka vizuri, kwenye tambara la jikoni, na wako miguuni na tumboni mwa kijinzi. Abiria wa pili wa bodaboda ile ile.

Bakteria huyu ana udhaifu mmoja mkubwa: bila oksijeni hawezi kazi yake. Hapo ndipo hesabu ya wiki inapoingia.

Kilo 1 ya sukari ikichachuka yote hutoa karibu nusu kilo ya gesi ya kaboni dayoksaidi, na nusu kilo hiyo ni zaidi ya lita 250 za gesi. Ndoo yangu, ukijumlisha sukari ya dukani na ya nanasi lenyewe, ina kama kilo 4. Piga hesabu: lita elfu moja na zaidi zinatoka ndani ya siku chache kupitia mdomo wa ndoo moja. Ukiinama kunusa siku ya tatu, puani panachoma. Ni hiyo gesi. Ni nzito kuliko hewa, inajaa juu ya waini na kuisukuma hewa nje bila kupumzika. Bakteria aliyeshushwa na kijinzi siku hiyo anakuta hakuna pumzi, na chakula chake, yaani kilevi, ndiyo kwanza kinaanza kutengenezwa. Kwa hiyo kwa yule anayeuliza siku ya tatu: watoe kwa kijiko safi, koroga, funika, endelea. Usimwage.

Wiki ya nne mambo yamegeuka. Kilevi kimejaa, gesi imekwisha, na kila unapofungua kuonja, hewa inashuka na kukaa. Sasa kijinzi mmoja anayetembea juu ya waini anapanda mbegu kwenye shamba lililolimwa.

Ndoo yangu ya pili ilinifundisha hili. Ilikuwa nanasi, na ilitoka nzuri mno, kosa lake likawa hilo. Kila jioni nilichota jagi; wageni wakija, majagi mawili. Baada ya wiki kama tatu nilikuwa na lita 9 ndani ya ndoo ya lita 20, kumaanisha lita 11 za hewa zimekaa juu ya waini, na juu kabisa kitambaa nilichokifunga bila nia. Dalili ya kwanza haikuwa siki. Ilikuwa harufu ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, nikadhani ni binti yangu yuko karibu. Siku chache baadaye juu ya waini kukatanda utando mwembamba, wa kijivujivu, unaokunjika ukitikisa ndoo kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Nikamulika kwa tochi ya simu. Ukingoni kwa ndani, juu kidogo ya usawa wa waini, kulikuwa na punje za kahawia zimejipanga kama ufuta kwenye kashata. Nyingine zilikuwa zimetoboka upande mmoja, wenyewe wameshatoka. Maana yake mama yao aliingia si chini ya siku kumi kabla, wakati mimi ninanywa na kusifia.

Waini ikishashika siki hairudi. Sukari inafunika kwenye ulimi tu, na kuchemsha kunatoa kilevi kabla ya kutoa siki. Ukiipata kwenye hatua ya harufu ya rangi ya kucha, bado ikiwa kwa mbali, unaweza kuihamishia kwenye chombo kidogo kilichojaa mpaka shingoni, uzibe, uombe Mungu, na uinywe mapema. Ikishakuwa kali, ikubali kwa jina lake jipya.

Nyama zinazoelea

Nimesema wiki ya kwanza haina hatari kubwa, lakini ina sehemu moja ambayo kweli ni ya kuchunga. Ukitengeneza kwa matunda yaliyopondwa, gesi hupandisha nyama za tunda juu zikaelea kama kofia nene. Uso wa juu wa kofia hiyo uko nje ya maji, unagusa hewa, una joto, una sukari. Kijinzi jike hawezi kutamani pahali pazuri zaidi. Yai lake lina urefu wa nusu milimita, jeupe, lenye nyuzi mbili nyembamba kichwani zinazobaki nje likizama kwenye majimaji, ili lipate hewa. Kwa jicho la kawaida ukitazama kwa makini utaliona kama kipande cha punje ya chumvi.

Dawa ni kuizamisha kofia asubuhi na jioni kwa mwiko uliochemshwa, ili hakuna kinachokaa juu muda wa kutosha kukauka au kuanguliwa. Siku ya nne au ya tano, chuja, machicha yaende mbali. Mbali maana yake si ndoo ya taka mlangoni. Mimi nayafukia shambani, kina cha kiganja na nusu. Machicha yaliyoachwa wazi nyuma ya nyumba ni kitalu, na kizazi kinachotoka humo siku kumi baadaye kitaikuta waini yako ikiwa kwenye wiki yake mbaya.

Kitambaa, chandarua na mpira wa dripu

Chandarua hakifai. Kinazuia mbu, lakini matundu yake yanapitika na mdudu mwembamba kama kijinzi, hasa kikivutwa. Ukikikunja mara mbili kinasaidia, na bado sikiamini. Kipande cha kanga ya zamani au melikini iliyofumwa karibu karibu ndicho kinachofanya kazi, kikiwa kimechemshwa, kimekauka, na kimekazwa na mpira wa tairi ya baiskeli kuzunguka ndoo. Neno la kushika ni kukauka. Povu likipanda na kulowesha kitambaa, majike hutaga juu ya kitambaa chenyewe, na funza wachanga ni wembamba kiasi cha kujipenyeza chini. Kwa hiyo usijaze ndoo. Acha nafasi ya kiganja kwa povu, na kitambaa kilicholowa kibadilishe siku hiyo hiyo.

Hicho ni cha siku tano za kwanza, ndoo inapotoa gesi nyingi. Baada ya kuchuja, kitambaa kimemaliza kazi yake, na hapo ndipo wengi wanapokosea kwa kuendelea nacho. Sasa unataka chombo chenye shingo nyembamba, kimejaa, na njia ya gesi kutoka bila hewa kuingia. Natumia chupa kubwa ya maji ya lita 18. Kifuniko nimekitoboa tundu, nimepitisha mpira wa dripu mpya wa duka la dawa, nimeziba pembeni kwa nta ya mshumaa, na ncha ya pili imezama sentimita mbili kwenye chupa ndogo ya maji. Gesi inatoka, buku, buku, buku, hewa hairudi. Usithubutu kuziba kabisa ukidhani unakomesha wadudu. Lita mia mbili na hamsini kwa kila kilo ya sukari lazima zitafute njia, na zisipoipata zinapasua chombo.

Chupa ndogo ya maji nayo inataka jicho. Vijinzi hufuata harufu inayotoka humo, huzama, huoza. Usiku nyumba ikipoa, gesi ndani ya chupa kubwa hunywea na kuvuta, na maji yenye maiti yanapanda mpirani kuelekea kwenye waini. Ndiyo sababu chupa kubwa inakaa mezani na ile ndogo iko sakafuni, na badala ya maji matupu naweka maji na pombe kali nusu kwa nusu. Yanakauka pia, hasa Agosti na Septemba. Niliwahi kusafiri siku tisa nikarudi nikakuta mpira unaning'inia juu ya chupa kavu, na kijinzi mmoja amekaa kwenye ncha yake kama bawabu.

Siku ya kuhamisha waini kutoka kwenye mashapo ndiyo siku ambayo chombo kiko wazi kuliko siku zote. Vijinzi vina saa zao: huchangamka asubuhi na jioni, mchana katikati hulala. (Nobel ya mwaka 2017 ilitolewa kwa watu waliofumbua saa hiyo ya ndani ya mwili, kwa kumchunguza mdudu huyu huyu.) Nahamisha saa saba mchana, kwa mpira, ncha ikiwa chini kabisa ya chombo kipya ili waini isirukeruke na kubeba hewa. Jioni haifai, na usiku nimeshaueleza: taa na usubi.

Mama wa Muleba

Jirani yangu ni mama wa Kihaya kutoka Muleba, na siku ya kwanza alipoona mipira na chupa zangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hii ni pombe au ni mgonjwa umemlaza wodini?"

Nikamweleza habari ya vijinzi. Akasema kwao Kagera vijinzi vimekuwepo tangu babu zake na rubisi haijawahi kuwa siki. Anasema kweli, na ukweli wake hauvunji ninachosema. Kwenye rubisi ndizi mbivu hukamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mbao, huongezwa maji na unga wa mtama uliokaangwa, hufunikwa kwa majani ya migomba, na baada ya siku moja au mbili watu wanakunywa. Kwa muda huo yai la kijinzi ndiyo kwanza limeanguliwa, na bakteria wa siki hajapata hewa wala nafasi. Pombe inaisha kabla tatizo halijaanza. "Wewe unaiweka kama akiba ya benki," aliniambia, "halafu unashangaa wezi."

Hata hivyo nilimwomba aninusishe rubisi iliyobaki mpaka siku ya tano. Akakunja uso, akaimwaga.

Mitego, na kwa nini mingi inazalisha

Mtego unaofanya kazi ni glasi yenye vidole viwili vya siki, kijiko cha waini au ndizi iliyopondwa, na tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Tone hilo ndilo mtego. Bila sabuni, ngozi ya juu ya maji inambeba kijinzi, anatua, anakunywa, anaondoka. Sabuni inaivunja ngozi hiyo, anazama papo hapo. Wengine huweka karatasi iliyokunjwa kama pakiti ya karanga, tundu dogo chini. Nayo ni nzuri, lakini ukisahau sabuni umewajengea nyumba yenye mlango. Watataga humo. Mtego wowote wa matunda uliokaa siku nane bila kubadilishwa, kesho kutwa yake unatoa vijinzi wapya wengi kuliko uliowakamata.

Usiuweke kando ya ndoo. Unakuwa unawaita wavuke chumba kuja pale pale usipotaka. Uweke kati ya dirisha na kapu la matunda. Na usinitajie dawa ya kupuliza ya mbu karibu na chombo cha waini kilicho wazi.

Hata hivyo mtego hupunguza waliopo tu. Chimbuko liko kwingine, na ukilitafuta utashangaa: chupa tupu za soda zenye tone chini, tambara la kupigia deki, ndizi moja iliyoanguka nyuma ya friji, chujio la sinki. Mimi langu lilikuwa kreti ya chupa za bia chini ya ngazi. Nilipoisuuza, kwa siku kumi hivi hali ikabaki ile ile, kisha ghafla jikoni kukawa kimya. Sasa unajua kwa nini siku kumi.

Mmoja ndani ya glasi

Limebaki swali la mezani: kijinzi kimezama kwenye glasi, ukitoe unywe? Kiafya, toa unywe. Kwa ladha, usiharakishe kujibu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi za Kilimo cha Sweden walichapisha jambo ambalo wanywaji walikuwa wakilisema miaka mingi bila ushahidi: jike hutoa harufu yake maalumu ya kuwasiliana na wenzake, na nanogramu 1 tu ya harufu hiyo, yaani sehemu moja ya bilioni ya gramu, waonjaji wazoefu waliitambua kwenye glasi ya waini na hawakuipenda. Dume haitoi. Nimejaribu kuwatofautisha kwenye ncha ya kijiko, dume akiwa mdogo kidogo mwenye ncha nyeusi ya tumbo, lakini wageni wakiwa mezani huo si wakati wa kuvaa miwani. Namwaga glasi, najaza nyingine.

Zile lita 9 sikuzimwaga. Nilizichuja, nikazitia kwenye chupa, nikaziacha mpaka siki ikakamilika, na ilikuwa siki nzuri ya nanasi. Mama wa Muleba alichukua chupa mbili kwa ajili ya kachumbari. Nyingine zimebaki kabatini. Vidole viwili kwenye glasi, tone la sabuni, kati ya dirisha na kapu.